Nimegongwa na takisi haina asiransi, vile kampuni yangu imenilipa

Bandugu ba Lubumbashi, kama unalipaka asiransi juu tu barulaji, bale polisi ba barabara, basikusumbue, soma hii. Ile asiransi ya lazima, ile iko lazima kwetu tangu 1973, inalipa mutu wewe umegonga. Wewe mwenyewe haikulipi hata franka moja. Sasa kama ni ule mwingine njo anakugonga na yeye hana asiransi?

Mi ilinipata kwa barabara ya Kasenga, nilikuwa nimesimama nangojea kukata kushoto, takisi ikanibamiza nyuma kwa nguvu, bampa ikakunjika mpaka inagusa tairi na bibi yangu akaumia shingo. Karatasi ya asiransi ya ule dereva ilishakufaka zamani, motokari si yake, na mwenye motokari tukimwita anakata simu. Unaweza kumupeleka polisi, ndiyo, lakini kumufunga hakutengenezi bampa na hakulipi hospitali.

Yenye ilitusaidia ni vitu viwili nilikuwa nimeongeza pale nilipokata kontra: kimoja cha motokari yangu yenyewe, hata kosa likiwa la nani, na kingine cha dereva na batu anabeba, kile kinalipa matibabu. Bei inapanda, sifichi, na bengi banaviacha juu ya ile bei. Mi naona njo hapo asiransi inaanza kuwa na maana, juu huku kwetu ule anakugonga mara nyingi hana kitu.

Matibabu balilipa bila shida. Motokari njo ilichelewa, ekisperi, ule kampuni inatuma kupima hasara, anakuja, anaingiza mkono chini ya bampa, anapiga picha, anaenda, unangoja tena. Halafu bakakata franshizi, ile sehemu unajilipia mwenyewe, hata kama kosa si lako! Hii sikuipenda kabisa. Kisha kampuni ikabaki na kazi ya kumufuata mwenye takisi alipe, mi nikatoka humo.

PV ya rulaji, ile ripoti ya ajali polisi banaandika, ikatae kama haionyeshi ule mwingine hana asiransi, na uisome pale pale mbele hujaondoka.

Mdogo wangu anaishi Texas, aliniambia kule kuna kinga yake kabisa ya kugongwa na dereva hana asiransi, ama ile yake ni kidogo haitoshi. Kampuni lazima ikupe, na kama hutaki unakataa kwa maandishi. Huku kwetu hakuna wa kukulazimisha kufikiri hivyo, ni wewe kuuliza kwa gishe: "nikigongwa na mutu hana asiransi, munanilipa nini?" Kama agenti anazunguka-zunguka, toka, enda kwingine. SONAS, ile kampuni ya asiransi ya serikali, haiko peke yake tena, sheria ya 2015 ilifungua soko na makampuni ya binafsi yakaanza kazi 2019, kwa hiyo unaweza kulinganisha.

Mi nimelipa tena kwa bale bale, na safari hii nimeomba franshizi ya chini.