Mipako ya nano ya fedha kwenye koili za AC: uzoefu wangu Masaki na Kariakoo

Mipako hii yenye chembe nano (ndogo mno) za madini ya fedha nimeitumia Dar es Salaam kwenye koili za ndani (mabomba yanayopoza hewa) za AC za ukutani, zenye uwezo wa BTU 12,000 na 18,000. Kwa ile harufu ya ukungu AC inapowashwa, inasaidia kweli. Kama unatafuta nafuu ya LUKU, yaani bili ya umeme, usiinunue: nafuu hiyo inaletwa na kuosha koili.

Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi. Zima umeme kwenye swichi kuu, toa filta na kava, funika kadi ya umeme kwa nailoni. Osha kwa sabuni isiyo kali na presha ndogo, maji yafuate mapezi (vile vibati vyembamba vya alumini vya koili), mapezi yasije yakalala. Mafundi wengi hupenda dawa kali ya povu. Koili inang'aa haraka kwa sababu dawa inakula alumini yenyewe. Utelezi ukibaki katikati ya mapezi, mipako itashika utelezi, nao ukibanduka vinaondoka pamoja. Suuza, kisha endesha feni bila ubaridi mpaka pakauke kabisa. Msimu wa masika usiharakishe hapa.

Nyunyizia tabaka mbili nyembamba, ukipishanisha mwelekeo. Nafasi kati ya pezi na pezi ni kama milimita 1.5 tu, ukimwaga nyingi hewa inabanwa, na koili inaweza kuganda barafu. Usirudishe ubaridi kabla ya muda ulioandikwa kwenye kopo kuisha, maana maji ya koili yataiosha ikiwa mbichi.

Fedha haiui vijidudu kwa mbali. Ioni zake (chembe zenye chaji zinazotoka kwenye fedha) lazima zimguse kijidudu penye unyevu, kwa hiyo vumbi likitanda juu ya mipako, ukungu unaota juu ya vumbi. Kariakoo hilo ndilo tatizo kubwa, na filta isiyooshwa kila wiki mbili inaharibu kazi yote. Masaki adui ni chumvi ya bahari: kloridi iliyomo hunasa ioni za fedha na kuzipunguzia makali.

Ukiuziwa mipako ya titani dioksaidi badala ya fedha, uliza taa ya UV (mwanga wa urujuanimno) iko wapi. Ile ya kawaida huhitaji mwanga huo, na ndani ya AC ni giza.

Halafu feni ya ndani, ile ndefu ya duara, na trei ya maji. Ukungu mwingi uko huko. Fundi akipaka koili na kuziacha hizo chafu, harufu itarudi, na mipako italaumiwa bure.