Seti ya kujenga BE2c ya mbao, robo ya ukubwa halisi: maoni ya seremala wa Moshi

Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Majengo hapa Moshi, na riziki yangu ni vitanda, makabati na milango. Ndege ninayoieleza hapa, ya mfano, ya kurushwa kwa rimoti, si yangu. Ni ya mteja wangu mmoja, rubani wa hizi ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti. Aliagiza seti kutoka kwa kiwanda kidogo cha Uingereza, akaifungua sebuleni kwake, akaona vile vipande, akaifunga tena na kuniletea. "Fundi, wewe una mkono, mimi nina rimoti." Tukaelewana bei, nikaijenga.

Naandika kwa sababu naona watu wanauliza kama inafaa kuagizwa, na pesa yake si ya mchezo. Mpaka inafika Moshi, ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, ilikaribia milioni tatu. Na hapo hujapata injini, hujapata rimoti, hujapata hata tone la gundi.

Kwanza mjue ni ndege gani. BE2c ni ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, mabawa mawili juu na chini, watu wawili, mtazamaji mbele na rubani nyuma. Kapteni wangu aliichagua hiyo badala ya Spitfire, ile ya kivita ya Waingereza ya Vita ya Pili, ambayo kila mtu anaitaka, na sababu yake ni ya hapa hapa. Mwanzoni mwa 1916 Skwadroni ya 26 ya Royal Flying Corps, jeshi la anga la Uingereza la wakati ule, yenye vijana wengi wa Afrika Kusini, ililetwa Mombasa na ndege za aina hii. Zikawa zinaruka kutoka Mbuyuni, kule njia ya Voi na Taveta, kuchungulia majeshi ya Wajerumani upande huu wa mlima. Mwezi Machi mwaka huo Moshi ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Kwa hiyo ndege ya namna hii iliwahi kupita juu ya vichwa vya babu zetu.

Ile ya kweli ilikuwa na upana wa mita 11.28 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Hii ni robo yake, yaani mita 2.82. Haipiti mlango wa karakana yangu ikiwa imeshawekwa mabawa.

Sasa mbao. Hapa kiwanda kinastahili sifa, na sisifu ovyo. Fito za spruce, mti wa nchi za baridi wa jamii ya msonobari, zinazobeba mabawa zimenyooka, nyuzi zake zinakwenda toka mwanzo hadi mwisho bila kukatiza upande, na sikuona fundo hata moja. Mtu anayenunua saiprasi ya West Kilimanjaro kama mimi, akazoea kuchambua rundo zima kupata fito nne za maana, ataelewa nilivyojisikia. Balsa ndiyo niliyokuwa naisikia tu. Ni mbao kutoka Ekwado, nyepesi kiasi kwamba mara ya kwanza unaishika unadhani umedanganywa, na inakatika kwa wembe. Mbavu za mabawa zimekatwa kwa leza, na kila ubavu ulikaa mahali pake bila kuulazimisha. Nilizipanga zote kwa pamoja mezani, nikapitisha rula juu yake: sawasawa. Kazi hiyo kwa msumeno wa mkono ingenila mwezi na nisingeipata hivyo.

Ila leza inaacha ukingo mweusi ulioungua. Kitabu cha maelekezo hakisemi neno juu yake. Gundi haishiki vizuri kwenye mkaa, seremala yeyote anajua, hivyo pitisha msasa laini kila ukingo kabla ya kubandika. Pitisha mara moja au mbili tu, ukizidisha ubavu unapungua na bawa linakuwa na mawimbi.

Kasoro ya kwanza ya kweli ni kwenye mabamba ya balsa ya kufunika pua ya bawa, pale inapobidi ubao ujikunje. Balsa, kama mbao nyingine, tabia yake inategemea gogo lilivyopasuliwa. Ile iliyopasuliwa kuelekea kiini inakuwa na madoadoa yanayong'aa, ni ngumu, haitaki kukunjwa. Hiyo ni nzuri kwa mbavu. Iliyopasuliwa kufuata duara za gogo inajikunja bila ubishi. Waliofungasha sanduku letu walichanganya. Mabamba mawili ya kukunja yalikuwa ya madoadoa, na moja lilipasuka nililipokunja hata baada ya kulilowesha maji ya moto. Niliwatumia picha. Walijibu kesho yake kwa adabu, wakasema watatuma mengine bure ila usafiri ni juu yetu. Usafiri wenyewe ulikuwa mara kadhaa ya bei ya mabamba! Nikatafuta ndani ya sanduku, nikakuta balsa laini waliyoiweka kwa ajili ya sakafu ya chumba cha rubani, nikabadilishana. Sakafu haikunjwi, haina habari na madoadoa.

Kasoro ya pili ni plaiwudi ya kushikilia miguu ya magurudumu. Ukuta wa injini ni plaiwudi ya birch, imara, sina neno. Lakini pale miguu inapofungwa wameweka plaiwudi ya popla, laini, unaweza kuitoboa kwa kucha. Ndege ya kilo karibu kumi itatua kwenye uwanja wa nyasi na mashimo ya panya, na mzigo wote unaishia pale. Nikaitoa, nikaweka vipande vyembamba vya mvule nilivyovibandika kwa araldaiti. Kapteni alilalamika uzito. Nikapima kwenye mizani ya duka la jirani, tofauti ikawa haifiki gramu mia moja, akanyamaza.

Michoro ni mizuri sana, ya ukubwa ule ule wa ndege, unaitandika mezani na kujenga juu yake. Lakini sanduku lilifika wakati wa masika, na karatasi ndefu kama ile inatanuka na unyevu. Bawa la kulia na la kushoto kwenye karatasi yalipishana kwa milimita kadhaa. Pima kwenye mbao, karatasi iwe ya kukuonyesha mpangilio tu. Halafu balsa usiihifadhi sakafuni. Niliipandisha juu ya kabati, imelazwa bapa, na ubao mzito juu yake. Supaglu nayo nunua vichupa vidogo vidogo, kwa joto la huku kikubwa kitagandia ndani kabla hujafika nusu.

Kuhusu kitambaa cha kufunikia: msinunue. Kiwanda kinauza roli ya kitambaa cha poliesta chenye gundi mgongoni, kinabandikwa kwa pasi na kukazwa kwa joto. Kizuri, lakini bei yake inanunua godoro. Kapteni alikuwa ameshakilipia, tukakitumia kwenye mabawa ya juu tu. Mabawa ya chini na mkia tulifunika kwa bitana, hii hii wanayoweka washonaji ndani ya suti, rangi ya maziwa. Sharti iwe poliesta tupu. Choma uzi mmoja, ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu ndiyo yenyewe, ukigeuka jivu ni pamba, achana nayo. Unapaka vanishi ya maji kwenye mbavu, unaiacha ikauke, unatandaza bitana, unapitisha pasi, vanishi inashika na kitambaa kinajikaza. Baada ya hapo makoti mawili ya vanishi kuziba matundu. Ndege ya kweli ilivikwa kitani kilichoshonwa kwenye mbavu, kwa hiyo nilimpa fundi cherehani wa jirani kazi ya kuweka mishono ya kuonekana juu ya utepe. Alicheka sana, lakini alishona. Ukisimama hatua tano huwezi kusema bawa lipi ni la Uingereza na lipi ni la bitana.

Vyuma vidogo vidogo navyo vinauzwa kama fungu la pembeni. Nyaya za kukaza mabawa na vikaza-waya vyake nunueni, kwa sababu kwenye ndege hii nyaya si pambo, ndizo zinazoshika mabawa. Magurudumu pia. Lakini bawaba, skrubu, risasi (ile metali nzito) ya kuongeza uzito puani, hayo yote yapo mjini. BE2c ina pua fupi, kwa hiyo hata ukiweka injini ya petroli mkia bado utakuwa mzito. Risasi tulipata kwa mafundi wa matairi, zile wanazobandika kwenye rimu kubalansi. Karibu nusu kilo iliingia.

Sasa injini, na hapa ndipo kitabu kinapotuacha kabisa. Kimeandikwa na mtu anayerusha karibu na usawa wa bahari, kwenye baridi. Kinasema injini ya sisi (cc) 38 inatosha, pangaboi la inchi 20. Moshi tupo kama mita 800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa asilimia 7 au 8 hivi. Arusha, mita 1,400, ni karibu asilimia 13. Hapo hujaongeza joto la saa saba mchana. Injini inavuta hewa kidogo, inatoa nguvu kidogo. Bawa nalo linahitaji mwendo zaidi ndipo libebe uzito ule ule. Kapteni hakuhitaji kuelezwa, anasema hata ndege yake ya kazini inakula njia ndefu zaidi ikiruka mchana. Tukachukua injini ya sisi 45 na pangaboi la inchi 22. Mtu wa Arusha asishuke chini ya hapo.

Watu wataniuliza kwa nini petroli na siyo betri. Betri za lithiamu za ukubwa huo kusafirisha kwa ndege ni mashaka matupu, ila petroli ipo kila kona. Lakini sababu yangu kubwa ni fundi. Injini hizi ni ndugu wa injini za misumeno ya kukatia magogo, na kabureta yake mara nyingi ni ya kampuni ya Walbro, ile ile. Fundi wetu wa misumeno, anayehudumia watu wa mashamba ya miti huko juu, aliitazama akasema, "Hii naijua." Alipunguza mafuta kwa kukaza skrubu kidogo, kwa sababu unavyopanda juu petroli inazidi hewa kwenye mchanganyiko na injini inakohoa. Ikakaa kimya kimya kama cherehani. Kiwandani wangenitumia video.

Pangaboi la BE2c lilikuwa na mapanga manne. La kurukia ni la mapanga mawili, la kununua. La maonyesho nililichonga mwenyewe kwa mringaringa, tabaka zimebandikwa moja juu ya nyingine kama walivyofanya wenyewe, na nasema bila aibu kwamba ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwenye ndege hiyo. Katika sanduku walikuwa wameweka la plastiki.

Inarukaje? Nilikuwa mtazamaji, lakini nilitazama kwa makini, kazi yangu ilikuwa hewani. Kapteni alishughulikia kibali TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza, na tulikwenda kwenye shamba lililovunwa upande wa chini, mbali na viwanja vya ndege, asubuhi kabla upepo haujaamka. Iliondoka ardhini mapema kuliko nilivyotarajia. Ndege ya kweli iliundwa itulie yenyewe angani, na ndiyo iliyowaponza marubani wake kule Ufaransa mwaka 1915, maana walipokutana na ndege za kivita za Fokker za Wajerumani haikuweza kukwepa. Huku kwetu Wajerumani hawakuwa na ndege za kuiwinda, utulivu ukawa faida. Hii ndogo imerithi tabia hiyo. Anaachia vidole, inakwenda. Shida mbili alizozitaja: haikati kona kwa eleroni (vibao vya kuinamisha ndege, nyuma ya mabawa) peke yake, lazima usukani wa mkia ufuatane nazo, la sivyo pua inakwenda upande usiotaka, na haielei injini ikizimwa. Nyaya zote zile na miguu vinakamata upepo, ukipunguza mafuta mapema inashuka kama imekatwa kamba. Lazima uje nayo injini ikivuta hadi magurudumu yaguse.

Ilitua, ikaruka kidogo, ikatulia. Nilikwenda moja kwa moja kukagua mvule wangu. Haujatikisika.

Kama unaagiza, waandikie wakuuzie mbao, michoro, nyaya na magurudumu tu, kitambaa na vyuma vingine waache kwao. Ukiwaomba kwa barua wanakubali kupunguza bei. Omba pia waandike kwenye kila bamba la balsa ni la kukunja au si la kukunja. Kama hujawahi kushika randa, tafuta seremala, usijaribu na milioni tatu zako.

Na kwa wale wanaotaka niwajengee: muda uliokwenda pale ungenitolea vitanda vya sita kwa sita na makabati ya nyumba nzima. Bei nitaipiga kwa hesabu hiyo, na malipo ya awali ni nusu.