Nimejaribu namba za dharura kwenye simu tatu za nyumbani, kitochi cha mama kimeshinda

Wakuu, hii siyo rivyu ya simu mpya, ni ya kitu ambacho tayari unacho kwenye simu yako na wengi hatujawahi kukigusa, ile sehemu ya kuweka namba za watu wa kupigiwa ukipata ajali au ukizimia njiani. Nimeijaribu wiki tatu kwenye Android yangu, iPhone ya dada na kitochi cha mama, na wala sikuanza kwa kupenda.

Mwezi wa pili kaka yangu alianguka na bodaboda maeneo ya Tabata, akapoteza fahamu, wasamaria wakambeba mpaka hospitali. Simu nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, ila ina paterni. Wakajaribu kidole chake, kina vumbi na damu, ikagoma. Walivyokuja kukifuta kikakubali, wanaingia kwenye simu zilizopigwa wanakuta "Mambo ya Ndani" imejaa juu mpaka chini, basi jamaa wakaogopa, wakajua huyu ni mtu wa serikali, ukipiga kesi inakugeukia wewe. Mambo ya Ndani ni shemeji yangu, mke wake wa ndoa! Tumekuja kujua saa nne usiku, tena kwa sababu tu mimi nilimpigia kumdai hela yangu.

Wazo lenyewe siyo geni. Mwaka 2005 mhudumu mmoja wa ambulansi kule Cambridge, Uingereza, anaitwa Bob Brotchie, alishauri watu wasevu namba ya ndugu kwa jina la ICE, ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya ikitokea dharura, na baada ya yale mabomu ya London Julai mwaka huohuo likasambaa sana. Ila zile zilikuwa enzi za simu za batani, mtu anaokota anafungua anapiga. Leo usevu ICE halafu uweke paterni, umeandika barua ukaifungia kabatini na funguo umeondoka nayo.

Ndiyo maana wenye simu wakaleta njia ya kuzunguka loki. Kwenye Android yangu unaingia Mipangilio, unatafuta Usalama na dharura, unajaza taarifa za afya na unachagua watu wako kutoka kwenye majina uliyosevu (kwa Kiswahili cha simu majina yanaitwa Anwani, mara ya kwanza nilidhani wanataka sanduku la posta). Kwenye iPhone ni app ya Health, unagusa picha yako, unachagua Medical ID, na hapo kuna kitufe cha kuruhusu ionekane simu ikiwa imefungwa, usipokiwasha umefanya kazi bure. Ipo tangu 2014 na dada yangu amebadilisha iPhone mbili bila kujua kama ipo. Kujaza ni dakika tano, rahisi sana, hapo sina neno.

Shida inaanza kwa yule wa kukuokota. Nilienda kijiweni nikampa bodaboda simu yangu imefungwa, nikamwambia fanya nimezimia hapa, mtafute mama yangu. Akatelezesha kioo, akaona paterni, akanirudishia. Muuza chipsi hivyohivyo. Jirani yangu ambaye ni nesi ndiye aliyekaribia, akaliona neno Dharura pale chini, ila hakuligusa, ananiuliza "si itapiga polisi?" Yaani taarifa zote zimekaa nyuma ya kitufe ambacho watu wanakiogopa. Kumbe ukikigusa haipigi, inakuletea sehemu ya kubonyeza namba na hapohapo kuna taarifa za dharura. Sasa nani aliwahi kutuambia?

Basi nikahamia njia ya kishamba. Kwenye setingi za ile skrini inayoonekana simu ikiwa imefungwa kuna sehemu ya kuongeza maandishi, nikaandika "DHARURA PIGA MAMA" na namba. Kama simu yako haina, andika kwenye picha uiweke ndiyo wallpaper. Nikarudi kwa bodaboda yuleyule. Akasoma, akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akapiga, mama akapokea. Haikufika hata dakika, na faida nyingine hata chaji yako ikibaki asilimia mbili, namba inasomeka.

Kitochi cha mama ndicho kimetuaibisha wote. Hakina loki, nimesevu "AA Dharura Mtoto" ikakaa juu kabisa kwenye majina, chaji inakaa siku nne. Muuza chipsi alinipata bila kuuliza swali. Ile mbinu ya 2005 bado inafanya kazi vizuri tu, kwa simu ya elfu thelathini.

Kile kitufe cha SOS, cha kubonyeza pawa mara tano, nimekizima. Nilibanwa kwenye daladala asubuhi, kikabonyezwa na begi la mtu, simu ikaanza kulia king'ora inahesabu ili ipige, gari zima linanitazama, konda ananiuliza kama nimebeba bomu. Kwa dada anayetembea usiku peke yake naona kina maana, akibaki nacho sawa. Ila meseji zinatoka kwenye laini yako, kama huna salio wala bando usikitegemee.

Na kuna ishu ya matapeli. Mwizi akishaona "piga mama" anaweza kumpigia mama kweli, mwanao yupo ICU tuma hela kwenye namba hii. Sisi tumekubaliana, anayepiga akitaja hela mama anauliza hospitali gani, anakata, ananipigia mimi namba nyingine au anamtuma mtu aende. Kwenye afya nimeweka mzio wa penisilini tu. Kundi la damu nimeacha, hospitali watapima wenyewe, na dawa ambazo hutaki bodaboda azijue usiandike, maana kila anayeshika simu anasoma.

Maksi: sehemu ya dharura ya Android na iPhone nazipa 6 kwa 10, maandishi ya kwenye kioo 9, kitochi 10. Weka watu wawili, mmoja awe anayepokea namba ngeni, maana dada yangu namba asiyoijua hapokei hata iite mpaka kesho.

Kaka amepona, mguu bado anachechemea. Kwenye kioo chake sasa kuna namba ya shemeji, imeandikwa MKE. Kwenye majina amegoma kubadilisha, bado ni Mambo ya Ndani.