Vitabu vya mitumba kando ya barabara, Bukavu

Bei inapatana, na muuzaji hakatazi mtu kufunua. Basi ufunue kweli: kitabu huundwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 au 32, na fungu moja likidondoka hadithi inaruka kutoka ukurasa wa 48 hadi wa 65. Soma namba, jalada baadaye. Mgongo wa gundi ukilia "kra", kirudishe. Wa uzi hudumu. Madoa ya kahawia si kitu, ila unga wa kijivu unaonuka nguo iliyovunda ni ukungu, utaambukiza rafu nzima. Romani, yaani riwaya, za Kifaransa tele. Za Kiswahili haba, aibu kwa mji unaokiongea kutwa. Umeme hukatika, kwa hiyo chagua herufi kubwa zinazosomeka kwa tochi ya simu.