Tyubu ya eksirei: sahani hii naipenda, swichi yake inanitia wazimu

Haya wadau, karibuni. Leo mezani kuna tyubu ya eksirei iliyokwisha kufa (ndicho kifaa kinachotoa mionzi ndani ya mashine), ile ya anodi inayozunguka. Kathodi, inayotoa elektroni, iko huku; anodi, hii sahani inayogongwa nazo, iko kule; katikati ombwe, yaani hamna hewa. Twende kwenye sahani.

Kamera isogee hapa. Huu uso ni tangsteni iliyochanganywa na reniamu, chini yake molibdeni. Mnauona mkanda uliochakaa ukingoni? Ndipo elektroni zilipokuwa zinagonga. Zinachomoka kwenye filamenti, ule waya mwembamba wa kathodi, iliyopashwa hadi kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, zinavutwa na kilovolti 80, tuseme, halafu tangsteni inazifungia breki ghafla. Mionzi mingi huzaliwa hapo. Lakini ni karibu asilimia 1 tu ya nishati, hiyo 99 yote joto! Tangsteni huyeyuka kwa nyuzi 3,422. Joto lote hilo ukilimwaga kwenye doa la milimita 1 lisilohama, unachimba shimo. Kwa hiyo sahani inakimbia, mizunguko kama 3,000 kwa dakika, na zingine hukaribia 10,000.

Na ndani hakuna waya wa mota! Stata, yaani koili za mota zisizozunguka, inakaa nje ya kioo, usumaku wake unapenya na kuisukuma rota, sehemu inayoizungusha sahani. Raha tupu. Hata grisi hamna, maana ingetoa mvuke na kuharibu ombwe. Beringi hulainishwa kwa madini, mara nyingi fedha. Ngoja niitikise... mnasikia? Krr, krr. Hizi zimekwisha.

Aliyeuliza kama ikizimwa inabaki na mionzi: haibaki. Umeme mkubwa ukikatika, mionzi imekatika.

Sasa kero yangu, swichi ya hatua mbili. Hatua ya kwanza, rota inashika kasi na filamenti inaongezewa mkondo. Sekunde moja au mbili. Ya pili ndiyo inapiga picha. Kuna watu wanashikilia ya kwanza huku bado wanamwambia mgonjwa ainue kidevu! Filamenti inaungua bure, tangsteni inageuka mvuke na kuganda kwenye kioo. Tazama huu weusi unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Umeme ukipata njia hapo, cheche zinaruka ndani, na tyubu hii ni kati ya vipuri ghali kuliko vyote kwenye mashine. Mpange mgonjwa kwanza, ndipo ubonyeze.

Na huu ufa? Anodi baridi ikipigwa dozi kubwa ghafla hupasuka hivi. Asubuhi ipashe kwa dozi ndogo za jedwali la mtengenezaji, chumba kitupu, shata, kizuizi cha mionzi, imefungwa.

Mpinzani wake, anodi isiyozunguka, ni kipande cha tangsteni ndani ya shaba. Rahisi, haina beringi za kufa, na kwa meno inatosha. Ila haibebi miliampea nyingi, yaani mkondo mkubwa, kwa hiyo picha inachukua muda mrefu. Kifua cha mtu anayepumua kitatoka na ukungu. Mimi nabaki na sahani.

Video ijayo tunafungua kolimeta, kifaa kinachobana upana wa mionzi. Na mashine yako kama haina breki ya rota, isikilize ukishaachia swichi: ikikwaruza au ikisimama haraka kuliko kawaida yake, mwite fundi mapema.