Nyota mbili kwa app yetu ya D&D, na ya pili ni ya dadu tu

Nianze na dadu maana ndio kitu pekee kwenye hii app ya kuchezea Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia visa, ambacho sina mashaka nacho. Unagusa, inabingirika, ile ya pande 20 inatoa mlio kabisa kama imedondoka kwenye meza ya mbao, ikija 20 simu inatetemeka, yaani kuna dogo kwenye kundi letu alikuwa anairusha hata siku ambazo hatuchezi, yuko kwenye bajaji anarusha dadu. Zamu inapanga yenyewe, damu za adui inazipunguza yenyewe, hesabu ambazo zamani nilikuwa nazipiga kwenye kalkuleta huku watu wananikodolea macho sasa hivi zinaisha kabla sijatafuna korosho mbili. Hapo sina neno. Kuanzia hapa ni malalamiko, anayetafuta sifa aishie hapa hapa.

Sisi tuko watano, Mtwara mjini, tunakutana Jumamosi jioni Shangani barazani kwa dada mmoja wa kundi anayefanya kazi benki. Kwa asiyeujua mchezo, ni ule wa mezani ambao mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndio inaamua umepiga au umekosa. Ulitoka Marekani mwaka 1974, wakaushusha Gary Gygax na Dave Arneson, vijitabu vitatu ndani ya boksi, na kijitabu cha mwisho kilifunga kwa kumwambia mchezaji asisubiri waandishi ndio wamfikirie. Sasa ukishasikia hivyo utaelewa kwa nini nina hasira, maana kujitungia sio pambo lililokuja baadaye, mchezo ulizaliwa nako.

Vitu vya kujitungia wenzetu huko wanaviita kwa jina la pombe ya nyumbani. Sisi hatukuhangaika kutafsiri, tukaviita uraka, ile pombe ya mabibo, mabibo si yapo, kila nyumba ina namna yake ya kuukamua na hakuna mtu anaenda kununua uraka supamaketi. (Anayependa kulitamka hilo neno kwa sauti kubwa barazani ni yule mmoja wetu ambaye hajawahi kuonja hata tone.) Kwa hiyo nikisema uraka humu chini, jua nazungumzia klasi (yaani aina za wahusika), adui, vitu na sheria tulizotunga wenyewe.

Na uraka wetu ni mwingi. Kisa chetu kinatembea pwani ya kusini, Kilwa mpaka Ruvuma, pesa ni zile sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, na adui mkubwa ni mifupa ya Tendaguru. Wale wasiojua, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya madainosa kilima cha Tendaguru huko Lindi, zaidi ya tani 200, ikabebwa na watu kwa vichwa na mabega mpaka bandarini Lindi ikapakiwa melini, na mmoja mpaka leo kasimama makumbusho ya Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kwetu huyo kaamka. Anarudi kwao kwa miguu chini ya bahari, na hana furaha.

Ila kitu ninachokipenda kuliko vyote ni klasi ya Lipiko, yule mcheza kinyago wa ngoma ya mapiko ya Wamakonde. Nilimpigia kwanza mjomba wangu Newala, maana mapiko sio mambo ya kuchezea ovyo, shikamoo mjomba, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, akacheka, akasema kinyago na ngoma sawa, kila mtu anaviona uwanjani, ila ya jando yaache hukohuko usiyaingize kwenye simu. Nikamwambia sawa mjomba. Basi Lipiko wetu ana vinyago vitatu, cha mzee, cha askari wa kikoloni na cha shetani, kila kimoja na uwezo wake. Hatumii uchawi, anatumia mapigo, wenzake wakigonga ngoma kwa vidole mezani anapata pigo moja, mwisho mapigo sita, halafu anayatumia. Na ikitokea adui kalitaja jina la mtu aliye ndani ya kinyago basi kajulikana, vinyago vyote vinabaki mbao tu mpaka alale aamke. Tulicheza hivyo kwa daftari la kaunta buku mwaka mzima na hakuna siku iligoma.

Tukanunua app. Jina lake silitaji, ziko kadhaa na zinafanana tabia. Kwenye tangazo waliandika kabisa kwamba unaweza kutengeneza vitu vyako, na kweli kuna kitufe, nikakibonyeza usiku wa manane nina bando la kutosha, nina kahawa. Kumbe klasi mpya haiwezekani! Klasi ni zile 12 za kitabu cha sheria cha 2014, wewe unaruhusiwa kuongeza tawi tu chini ya klasi iliyopo. Nikamtundika Lipiko chini ya mwimbaji, nikapata Lipiko mwenye gitaa la kizungu mgongoni na orodha ya uchawi ambayo haitaki na haifutiki, kila akipanda levo app inamlazimisha achague uchawi mwingine ndio imruhusu kuendelea. Levo 5 alikuwa ameshajaza makorokoro hata sijui ya nini.

Mapigo sasa. App ina kaunta za uwezo, nzuri tu, ila zote zinaanza zimejaa zinashuka, ukipumzika zinajaa tena. Mapigo yetu yanaanza sifuri yanapanda. Hakuna namna ya kuigeuza, nimejaribu kuandika namba hasi, ikagoma. Ulinzi wa Lipiko ni 10 jumlisha wepesi jumlisha mvuto, nikaenda kwenye menyu nikakuta naweza kuchagua ustahimilivu kama wa mbabe au hekima kama ya mtawa, klasi mbili za kitabu, basi, mvuto haumo. Sio kwamba kompyuta haijui kujumlisha mvuto jamani. Namba ipo palepale kwenye skrini, juu kidogo.

Kilichonichosha kabisa ni hiyo hali ya kujulikana. Sheria za mchezo zina hali 15, upofu, sumu, kuanguka, kupooza na nyingine, na app ina orodha ya hizo hizo 15, ya 16 huongezi hata ukilia. Nikasema nijiongeze, nitatumia hali ya hofu kama kiraka, wote tunajua tukiona hofu kwa Lipiko maana yake kajulikana. Jumamosi hiyo tuko Mikindani kwenye kisa, usiku, chini ya lile boma la Wajerumani, adui anamtaja dada wa benki, ndiye anayecheza Lipiko, jina lake la ndani ya kinyago, watu wameshika vichwa, patamu kweli kweli. Naweka hofu. App ikaanza kazi yake, hofu kwenye sheria inakufanya urushe dadu mbili uchukue ndogo, basi kila anachofanya dada inamchukulia ndogo, anatupa mkuki ndogo, anaruka ukuta ndogo, na mimi sikugundua mpaka ana damu tatu. Nikazima, nikarudisha nyuma, tukabishana nani alikuwa na zamu, ule utamu ukaisha. Dada akaniambia kaka, si tulikuwa na daftari?

Vingine kwa haraka. Sarafu ni za aina tano na majina hayabadiliki, kwa hiyo sultani wa Kilwa analipa kwa elektramu, sarafu ya mchanganyiko wa dhahabu na fedha, kitu ambacho sijawahi kukutana na mchezaji anayekitumia. Kila kitu Kiingereza, siwezi hata kuandika Nguvu pale palipoandikwa neno lao, na fundi simu wetu ambaye ndio mchezaji mjanja kuliko wote ananiuliza kila baada ya dakika mbili hiki ni nini. Dainosa nimeweza kumtengeneza kwa kunakili adui mwingine, sehemu ya adui iko vizuri, niwape haki yao, ila ukubwa wa mwisho ni viboksi vinne kwa vinne, kiboksi kimoja ni mita moja na nusu, fanya hesabu, mita sita. Mnyama mwenyewe ana zaidi ya mita 20 kutoka pua mpaka mkia! Kwenye ramani yangu jini la Tendaguru ni sawa na Hiace ya kwenda Masasi. Tena kitabu chenyewe kinasema ukubwa huo unaweza kuzidi, app ndio imejiamulia.

Na huo uraka hata ukishautengeneza, wenzako hawauoni mpaka ulipie kila mwezi. Nimelipa, kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, imekubali mara ya tatu. Nalipia niwaonyeshe watu wangu kitu nilichokitunga mimi. Hapo ndipo damu inachemka.

Niliwaandikia kastama kea, barua ndefu ya adabu, nikaeleza kaunta ya kupanda, nikaeleza hali ya 16. Wakajibu baada ya siku nne kwamba naweza kuandika hayo yote kwenye sehemu ya maelezo. Sehemu ya maelezo ni boksi la kuandikia, halihesabu kitu, yaani ni daftari langu la kaunta buku isipokuwa hili linataka intaneti.

Nimeshaambiwa wenye app wanaogopa mambo ya haki za watunzi. Sikubali. Sheria za msingi za mchezo wenyewe ziliachiwa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons baada ya wachezaji kuwasha moto dunia nzima, yeyote anazitumia, na Lipiko ni wetu sio wa mtu wa Marekani. Shida naiona ni ujenzi. Wameandika kila klasi kwa mkono ndani ya programu, mbabe ana mlango wake, mtawa ana mlango wake, badala ya kuweka klasi kama jedwali tu la levo 1 mpaka 20 ambalo mtu anajaza mwenyewe. Wangejenga hivyo, mimi na wao tungekuwa tunajaza fomu moja. Kuna Foundry, programu nyingine ya kuchezea, inalipiwa mara moja, inakaa kwenye kompyuta yako na watu wanaongezea mambo yao, inaweza hata kuchezwa kwa hotspoti nyumbani bila bando, nimeijaribu jioni moja na kaunta ikapanda. Ila laptopu kwenye kundi letu ni moja, na ni ya benki.

Kwa hiyo kama unacheza kitabu kilivyo, mpiganaji, mchawi, mapango ya watu wa huko, nunua tu, utafurahi. Kama meza yako ina uraka, jaribu kwanza toleo la bure la app na uanze na kile kitu chako cha ajabu kuliko vyote, usianze na upanga wa moto kama mimi nikadhani mambo safi.

Jumamosi iliyopita daftari limerudi, lina doa la chai ukurasa wa vinyago. Kifurushi cha mwezi kinaisha tarehe 28 na silipii tena. Dogo ameshaniuliza mara mbili kama hakuna app ya dadu peke yake, iwe na mlio uleule.