Nodame Cantabile: uzoefu wangu, kuanzia manga hadi tamthilia

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya. Nilijifunza kwa sikio tangu utotoni: wimbo nikiusikia mara mbili tatu nimeshaudaka. Solfa naisoma vizuri, lakini nota za mistari hadi leo nazisoma kwa kudonoadonoa. Ndiyo maana Nodame, binti wa hadithi ya Nodame Cantabile ambaye naye hupiga kwa sikio, amenishika kuliko mhusika mwingine yeyote wa manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani.

Jina lake kamili ni Noda Megumi, mwanafunzi wa piano chuoni, na aliyemchora ni Tomoko Ninomiya. Hadithi ilitoka kwenye jarida la Kiss kuanzia 2001 hadi 2009, ikafika juzuu 23, kisha zikaongezwa mbili za mambo ya opera. Jirani yake ni Chiaki Shinichi, kijana nadhifu anayetamani kwenda kuongoza okestra Ulaya, ila hapandi ndege wala meli kwa hofu iliyomwingia akiwa mtoto. Usiku mmoja Chiaki analewa na kulala nje mlangoni. Anapozinduka yumo chumbani kwa Nodame, katikati ya takataka, na mtu anapiga Pathétique, sonata ya piano ya Beethoven. Anaipiga anavyotaka mwenyewe, na bado unatamani asiache.

Hapo ndipo mapenzi yao yanapoanzia, masikioni. Mwalimu anawapa sonata ya Mozart ya piano mbili. Chiaki anagomba, anasahihisha, anachoka. Mwishowe anamwambia Nodame apige kwa uhuru, yeye atamfuata. Niliusoma ukurasa ule mara tatu. Kumfuata mpigaji wa namna hiyo bila kumzima ni kazi kubwa, na aliyewahi kupiga na mwenzake anajua.

Kitabu hakina sauti, basi Ninomiya anachora mabega, vidole na nyuso za wanaosikiliza. Mimi nilikuwa nikifika kwenye kipande nisichokijua, naweka kitabu chini, nautafuta muziki wenyewe, kisha narudi kusoma huku unapigwa. Nawashauri msome hivyo hivyo.

Tamthilia ya Fuji TV ya 2006 ina sehemu 11 tu, na inafunguliwa kwa Simfoni ya 7 ya Beethoven. Juri Ueno ni Nodame mtupu. Mtazame anapopiga: kichwa kimeinama, midomo ameichongoa, haoni mtu. Katika Rhapsody in Blue ya Gershwin anatokea na vazi la nguchiro, anapuliza melodika, kile kinanda kidogo cha mdomo, na ukumbi mzima unachangamka. Hiroshi Tamaki naye anamweza Chiaki, hasa pale anapokasirika huku macho yanasema mengine.

Kilichonikera ni vipigo ambavyo Chiaki anampa Nodame. Kwenye karatasi Nodame akirushwa huko unaona ni mchoro. Akirushwa binti wa kweli, kicheko kinakata. Halafu Stresemann, mzee Mjerumani muongoza okestra, kachezwa na Mjapani Naoto Takenaka kwa wigi, na tabia yake ya kuwapapasa wasichana inafanywa utani. Sikuipenda, hata kama ndivyo ilivyo kitabuni.

Anime, yaani katuni ya televisheni, ilianza 2007, ikaendelea na sehemu ya Paris 2008, ikamalizwa 2010. Inakifuata kitabu kwa karibu, ila kwenye matamasha picha zinaganda na mikono iliyochorwa kwa kompyuta inakuwa mikavu. Filamu mbili, ya 2009 na ya 2010, ndizo zinazowafikisha waigizaji wale wale mwisho wa safari ya Ulaya. Anza na tamthilia, kisha kitabu.

Kuna tukio moja silisahau. Nodame yuko kwenye mashindano, anapiga Petrushka ya Stravinsky ambayo hakupata muda wa kuishika yote, na wimbo wa kipindi cha mapishi aliousikia njiani unamwingia vidoleni katikati ya kipande. Mimi hali hiyo naijua. Imenikuta ibadani, waimbaji wakanigeukia wote. Nodame hasimami, anaunganisha, anakimaliza kipande, na zawadi inampita.

Tangu hapo nimeanza ile sonata ya Mozart na mwenzangu wa kwaya, vinanda viwili, ukumbini baada ya mazoezi ya Alhamisi. Tuko ukurasa wa pili. Yeye ndiye anayesoma nota.